Wingu Lisilotaka Rangi

Mwaka 2024, mahindi ya Trans-Nzoia yakitoa ndevu, nami nikiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, niliandika uongo wa maneno matatu juu ya mtu ambaye Mei iliyofuata nilipigiwa simu kuarifiwa kwamba amefariki. Alikuwa mzaliwa wa Bumula, mwenye studio ndogo mtaani Kibomet, Kitale. Riziki yake ilikuwa picha za vitambulisho. Mapenzi yake yalikuwa mawingu, aliyoyafuata hadi Endebess akiwa na kamera na mwavuli.

Kikundi chetu cha wakulima wa Kitale na Bungoma kilimwomba picha ya kalenda. Jumamosi, tarehe 20 Julai, aliweka mezani picha mbili za wingu lile lile juu ya Mlima Elgon: moja ya rangi, wingu limewaka kama kaa la moto; nyingine nyeusi na nyeupe. “Chukueni hii haina rangi,” alisema. “Si mnaona tumbo ya wingu vile imefura? Hii ndiyo ilimwaga mvua ya mawe. Mkulima akiiona tena, ajipange mapema. Ile ya rangi ni maridadi, lakini inaficha.” Mwanachama mmoja akaangua kicheko: “Bana, unatuletea kalenda ya matanga!”

Neno hilo lilinichoma. Picha ya marehemu mume wangu iliyoegemezwa kwenye jeneza haikuwa na rangi, na tangu siku ile kila picha ya namna hiyo hunitoa machozi. Lau ningelisema hivyo, mpiga picha angelinielewa. Lakini mimi niliufanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na tisa, na sikutaka machozi yangu yaonekane na watu walioniita Mama Katibu. Nikatamka, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba picha ile ni hafifu. “Basi msitumie yoyote,” akajibu, akatoka. Nami nikaandika katika kumbukumbu za mkutano: Mpiga picha amekubali.

Kalenda ilitoka ikiwa na wingu la rangi na jina lake chini yake. Tarehe 11 Januari 2025, kikaoni Bungoma, alisimama akasema hakukubali kamwe. Mwenyekiti akafungua daftari, akasoma. “Mzee, Mama Katibu hakosei hata tarehe,” mtu akamtania, na watu wakacheka. Alinitazama. Nilitazama kalamu yangu. Hakurudi tena.

Matangani, mjane wake alinishika mkono. “Kumbe ni wewe Mama Katibu? Alikuwa anasema, ‘Yule mama hawezi andika uongo. Labda ni mimi nilisahau.’ Akaanza kuogopa ati akili inamtoka.”

Wasomaji wangu, nilikuwa nimejiandaa kwa lawama; kwa heshima ile sikujiandaa. Sisi tuliochelewa kuingia darasani huabudu maandishi, kisha tukishika kalamu twasahau kwamba wengine nao wanayaamini. Tumefundishwa kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hatukufundishwa kwamba hata mtu mwenye akili timamu anaweza kuishiwa na imani juu ya nafsi yake kwa sababu ya daftari. Aliyepewa kazi ya kuandika kauli za wenzake hana ruhusa ya kuziba aibu yake kwa kauli hizo.

Niliomba kumbukumbu zirekebishwe. “Marehemu ameshaenda, Mama. Wacha tu,” wanachama walinisihi. Nilikataa, nikawaeleza yote, hata habari za jeneza. Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, kikao kilipitisha marekebisho, nikatia sahihi, kisha nikajiuzulu ukatibu. Mwenyekiti akasoma: “Mpiga picha hakukubali. Katibu aliandika uongo.”

Mjane wa mpiga picha, ambaye nilikuwa nimemwalika na alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, akainua mkono.

“Soma tena,” akasema.