Matuta ya Mke Wangu

Tulitembea siku tisa kutoka kaskazini hadi Bukama, kisha tukapanda gari la moshi mpaka Élisabethville. Nilikuwa kijana mwenye hamu ya kuona kila mji. Mke wangu alibeba mbegu za maharagwe, kazifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Mimi niliingia karakana ya reli. Yeye alipata kichaka nyuma ya kambi yetu ya wafanyakazi, akakilima kama mama yake alivyomfundisha: majani hayachomwi, yanafukiwa ndani ya matuta makubwa yaoze, maharagwe kwanza, mahindi mwaka unaofuata. Jumapili nilikwenda kula mahindi ya kuchoma. Jembe sikulishika.

Mwaka wa tatu alikuja mzungu wa mashamba na karani wake, kuandika wenye mashamba. Shamba lisiloandikwa lingechukuliwa. Asubuhi ile mke wangu aliniomba jambo moja tu.

“Baba, ubaambie ni miye nalima.”

Mzungu aliyapenda matuta. Akaniuliza mimi majani huoza kwa muda gani. Nikakohoa.

“Sema mpaka mvua ingine,” mke wangu alininong’oneza.

Mama jirani akaangua kicheko. “Shemeji, ata kivuli yako haijue hii shamba!”

Karani hakucheka. “Jina ya mwenye shamba?”

Wenzangu wa karakana walikuwa wakitazama. Nikataja jina langu. Mzungu akanipa mkono. Mke wangu akainama, akawa anang’oa magugu yasiyokuwepo.

Miaka miwili baadaye nilichoka, kama nilivyokuja kuchoka kila mahali. Niliacha kazi, nikidhani naacha nyundo tu. Lakini jina langu lilipofutwa kambini, shamba nalo likaenda. Likapewa fundi mwingine. Mke wangu alikimbilia kwa karani.

“Mama, weye hauko mu kitabu,” akajibiwa.

Aliporudi hakunigombeza. Alisema hatanifuata tena popote, akahamia kwa dada yake.

Siku niliyouacha mji ule kabisa, nilipitia nyuma ya kambi. Mke wangu alikuwa pale, kibarua wa kulipwa kikapu cha muhogo. Mke wa fundi, msichana mgeni, alisimama kando yake akimwelekeza namna ya kufukia majani. Nilisimama kidogo. Aliniona. Kisha akamgeukia yule msichana, akaitikia, “Ndiyo, mama,” akaendelea kulima.