Kanga Yangu ya Kuwaonya Madereva Ilimvunja Mzee Mguu

Nimekosa mimi bibi yenu, na sina wa kumsingizia. Nilishiba sifa za madereva, sifa zikanilevya kuliko pombe ya mtama.

Nyumba yetu iko kando ya lami, ukishaipita Kolandoto kama unaelekea Mwanza. Nauza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga za kuchemsha. Mbele ya nyumba kuna kibao cha mwendo wa hamsini, maana hapo ni kijijini, watu wanavuka, ng'ombe wanavuka. Mbele kidogo kuna daraja, na pembeni ya daraja kuna minyaa mikubwa. Kwenye hiyo minyaa ndiko trafiki wanakojificha na tochi yao, kile kidude cha kupimia mwendo wa gari.

Sasa kuna dereva mmoja wa Noah, tumwite Baba Rehema. Anapeleka watu Mwanza, ana mdomo mtamu huyo, we acha tu. Siku moja akasimama kununua karanga, akaniambia, "Shikamoo bibi. Hivi wewe hapa si ndiye mkuu wa barabara? Unawaona wale wote wakija."

"Marahaba. Nawaona, baba. Chai wanakunywa kwangu."

"Basi wakiwepo, tuanikie ile kanga yako nyekundu kwenye kamba. Sisi tukiiona tunajua tochi ipo. Tusipoiona, tunajua njia nyeupe."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mimi niliyeishia darasa la pili, leo nawaongoza wenye leseni.

Haikuchukua muda, kanga yangu ikawa maarufu kuliko mwenyekiti wa kijiji. Trafiki wakija, nawapa chai ya tangawizi, nawauliza watoto hawajambo, halafu naenda zangu kuanika. Ungewaona madereva sasa! Gari lililokuwa linapaa linapita hapo kama limebeba bibi harusi. Dereva ameketi wima, mkanda kifuani, anaangalia mbele kama yuko kanisani. Wakilivuka daraja tu, shetani wao anawarudia.

Nikawa naletewa sukari. Nikitaka kwenda mjini Ngokolo kwa binti yangu, napakiwa kiti cha mbele. "Mpisheni bibi, huyu ndiye macho yetu." Na mimi nakaa hapo mbele nimevimba kama chura.

Kibao cha hamsini kikawa pambo. Hakuna aliyekiangalia tena. Waliangalia kamba yangu ya nguo.

Sasa mzee wangu, Baba Masele. Masikio yake yamechoka, gari mpaka limfikie puani ndiyo anasikia. Yeye naye alijipatia akili yake. Aligundua trafiki wakiwepo magari yanatambaa. Basi akitoka kunywesha ng'ombe lamboni, anachungulia kule kwenye minyaa. Akiwaona, anavuka lami na ng'ombe wake kwa madaha, haangalii kushoto wala kulia. Nikawa najisifu, kumbe kanga yangu inamlinda hata mume wangu.

Siku hiyo walikuja wawili, kijana mmoja na afande wa kike. Kijana akabaki kwenye minyaa na tochi. Huyu mwanamke akaja kwangu kunywa chai. Mimi kanga nimeshaianika tangu asubuhi.

Akanywa, akaiangalia kanga. Akanywa tena, akaiangalia.

"Bibi, hii kanga yako haikauki?"

"Ni nzito, mwanangu."

"Jua lote hili la Shinyanga?"

Nikajifanya nachagua karanga mbovu. Akainuka, akaianua mwenyewe, akaikunja vizuri, akaniwekea mapajani. "Pumzika, bibi. Leo nimekuanulia mimi." Akarudi kukaa karibu yangu, anatafuna michembe huku anatabasamu. Mjanja yule, nilimpenda hapo hapo.

Na moyoni nilicheka, nawaambieni ukweli. Nikasema leo watakamatwa wote na ile midomo yao.

Ndipo nikamwona Baba Masele anatoka lamboni na ng'ombe. Akachungulia minyaa, akamwona kijana na tochi. Akaridhika. Akaingia lami, mbele yake dume lake la kulimia, fimbo mabegani, taratibu kama yuko sebuleni.

Upande wa huku, Noah ya Baba Rehema hiyo inakuja. Imeangalia kamba. Kamba tupu. Ikakanyagwa mafuta.

Mimi niliwaona wote wawili. Hapa ndipo penye kosa langu, msinitafutie kwingine. Ningesimama nikaitikisa ile kanga, Baba Rehema angeshika breki kabla hajafika. Lakini afande yuko pembeni yangu. Nikasema moyoni, nikiitikisa, nimejikamatisha mwenyewe. Nikabaki nimekaa, kanga mapajani, naikunjakunja ncha.

Nilipokuja kupiga kelele, dume lilikuwa limeshalala barabarani na mzee yuko mtaroni.

Afande alikimbilia huko, akaniacha. Abiria wakashushwa, tukampakia mzee kwenye Noah ile ile iliyomgonga, tukampeleka hospitali. Mguu ulivunjika juu ya goti. Dume lilikufa, na msimu ule tulilima kwa jembe la mkono, mimi na wanangu.

Baba Rehema alikuja wodini na soda na uso mrefu. Mnajua alisema nini? "Lakini bibi, na wewe mbona hukuanika kanga?" Mbele ya mgonjwa! Yaani mshitakiwa ni nguo yangu.

Mzee akageuza shingo pale kitandani. "Na kibao cha hamsini, baba, nacho kilikuwa kimeanuliwa?"

Wodi nzima ilicheka, Baba Rehema akaangalia soda yake. Mimi nilicheka pia. Halafu mzee akaniuliza, "Mama Masele, wewe ulikuwa wapi?"

Nikamjibu nilikuwa nyuma, nakata viazi.

Akanishika mkono. "Afadhali hukuona."

Mpaka leo sijamwambia. Nimewaambia ninyi.

Na ninyi mnaowashiana taa njiani, mnaopigiana simu wapi kuna tochi, wapi kuna kamera, nawauliza: mnamkimbia nani? Yule trafiki hana ng'ombe wa kuvusha pale. Mwenye ng'ombe ni mume wangu. Na wenzangu mnaouza barabarani, mkiletewa sukari ya kuwa macho ya madereva, kunyweni chai bila sukari. Mimi ile sukari niliinywa kwa mguu wa mtu.

Mzee sasa anatembea kwa gongo, na ng'ombe waliobaki anawapeleka lamboni mwenyewe, hataki kusaidiwa. Basi kila jioni najifunga ile kanga nyekundu, naingia lami mbele yake, navuka naye mpaka ng'ambo. Madereva wakiiona tu, magari yote yanatambaa, hata siku ambayo hakuna trafiki.

Baba Masele anawaambia majirani uzeeni nimemzidishia mapenzi.