Gari Lisilopiga Hodi

Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba siku ile nilikwenda Mngeta kuangalia ndege. Nimemwambia mume wangu, nimeiambia jumuiya nzima, na nilipobanwa nikataja hata ndege wenyewe, korongo na yangeyange. Sasa naona aibu imeshapoa kidogo, acheni niseme: sikwenda kuangalia ndege, nilikwenda kuchungulia nyumba ya watu.

Mwanangu Deo alikuwa amepeleka posa huko, kwa binti wa Kisukuma anayeitwa Kulwa, na alishatuambia kwamba akimkosa huyo tusimsumbue tena habari za kuoa. Mshenga wetu, Mzee Kasiani, alikuwa amefikisha maneno, jibu bado. Mnajua wenyewe kwamba kipindi hicho mama wa kijana hatakiwi kuonekana hata kwenye kona ya kijiji chao. Anakaa kwake, anasubiri. Mimi kusubiri siwezi (ndiyo maana hata wali wangu una kiini).

Kilichoniponza ni gari letu la umeme, mtumba wa Japani, ambalo halina mlio kabisa. Jumamosi mimi na wifi yangu Skola tulikuwa tunalitembeza njia za ndani, mpunga huku na huku, milima upande mmoja na bonde upande wa pili, na watu tunaowapita wanashtuka tumeshawafikia. Ndipo nikawaza: gari kama hili linaweza kupita mbele ya nyumba ya mtu, ukaangalia uwanja wake, ukaangalia hata choo chake, ukaenda zako na asijue.

"Tupite kwa kina Kulwa mara moja tu," nikamwambia Skola.

Tukapita. Uwanja umefagiwa, ng'ombe wanene, lakini Skola akasema mama mwenye nyumba hakumwona, basi tukageuza tukapita tena, na safari hii mimi ndiye ambaye sikuona kitu kwa sababu nilikuwa nakwepa shimo, tukageuza tena. Gari likasema jambo kwa Kijapani, kwa sauti ya dada mpole sana. Skola akalijibu, "Asante." Halafu mbele ya usukani pakawaka picha ya kobe.

"Ona," Skola akasema, "wametuwekea na wanyama."

Kobe, ndugu zangu, maana yake chaji imekwisha. Tulielewa hivyo gari lilipoanza kutambaa kama yeye mwenyewe, likasimama kimya mbele ya uwanja uleule tuliokuwa tunauchungulia.

Akatoka mama mmoja mnene, ungo mkononi. "Karibuni," akasema. "Naona kupita kumewachosha."

Nikamwambia naitwa Mama Rehema na tunaangalia ndege. Akatazama juu. Hapakuwa na hata kunguru.

Waya wetu ukapitishwa dirishani, friji ya kuuzia barafu ikachomolewa ili gari lichomekwe, na likawa linanyonya chaji taratibu kama mtoto mwenye mafua. Tukashinda pale. Tukala kambale wa watu, tukanywa maziwa ya watu, na baada ya chakula Mama Kulwa (kumbe ndiye) akakaa karibu yangu na mchele wake.

"Dada, wewe unaonekana umesoma, nishauri. Kuna watu wa Ifakara wameposa kwa binti yangu. Kijana tunampenda, tunayemwogopa ni mama yake. Tunasikia ni msomi, tena anajisikia. Mwanangu ataishi naye?"

Nikakohoa. Nikasema wasomi wa siku hizi wamebadilika, huyo mama bila shaka ni mnyenyekevu, mkarimu, na (nilikuwa nimeshanogewa) pengine hata sura anayo.

"Mimi namfahamu," Skola akadakia. Nikamkanyaga mguu, akausogeza. "Anajisikia kweli, hasa akivaa miwani. Ila roho mbaya hana. Mwanawe alipolazwa, alilala sakafuni pembeni ya kitanda mpaka mtoto akapona, na mtoto wa mwenzake akiingia kwake anakuwa wake. Tatizo lake hajui kupepeta."

"Hee! Mwanamke wa Ifakara hajui kupepeta?" Mama Kulwa akaniletea ungo. "Wewe je, Mama Rehema?"

Ningesema mkono unauma. Badala yake nikaupokea, nikarusha, na mchele ukaondoka pumba zikabaki. Kuku wa pale walisherehekea. Mama Kulwa alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, kisha akasimama nyuma yangu akanishika mikono yote miwili. "Usiurushe, mama. Uchezeshe." Tukauchezesha pamoja, na kwa kweli nilitamani kumwambia jina langu.

Jioni akatupa mfuko wa michembe, vile viazi vyao vilivyokaushwa. "Mpelekee kijana wako," akasema.

Tulipofika barabara kubwa Skola akaniuliza, "Wifi, wewe ulimwambia saa ngapi kwamba una kijana?"

Niliendesha nikiwaza nitamweleza nini Deo, na nikaapa kwamba nikiona nyumba ya mtu, ama naingia kwa hodi ama naangalia mbele.

Wiki iliyofuata Mzee Kasiani akapiga simu. Niliipokea nimesimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Deo. Jibu limerudi." Akakohoa kwanza, akaagiza maji, akanywa. "Wamekubali."

Nikakaa. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejua lolote, kama walisema chochote kuhusu mimi.

"Wanasema picha yako na Deo siku ya mahafali iko kwenye simu ya yule mama tangu Pasaka. Na wana sharti moja. Siku ya kwenda rasmi, ukifika kwenye kona, upige honi. Siku ile mlivyokuwa mnapitapita kimyakimya, baba mtu alishashika fimbo akidhani wezi wa ng'ombe."

Nikavua miwani.

"Halafu, Mama Deo, wanauliza, wale ndege ulishawaona?"