Kilio Kilichosafishwa

Mwalimu Onesphory alikuwa mwepesi wa kinyaa, na hakujua kukificha. Ukimwimbia noti iliyopinda, alikunja pua hapo hapo mbele yako. Ukimletea biti ya kunakili, alitoka nje kutema mate, kisha akarudi kukuomba radhi. Alizaliwa Tlawi, katika nyumba ya wakulima wa ngano na maharage, akajifunzia muziki kwenye kinanda cha kukanyaga cha misheni, ambacho panya walikuwa wametafuna mfuko wake wa hewa. Ilibidi ukanyage kwa nguvu kama mtu anayefukuzwa ndipo upate sauti tatu za maana. Labda ndiyo sababu sauti aliithamini sana.

Biashara zilipofunguliwa na kila kwaya ikataka kaseti yake, yeye ndiye aliyewapeleka waimbaji Arusha kurekodi. Walirudi na ngoma ya mashine, tarumbeta ya mashine, na sauti zao wenyewe zikisikika kwa mbali, kama za watu waliofungiwa stoo. Nyumbani watu walicheza mpaka vumbi likatimka. Onesphory alikuwa ameshatapika njiani wakirudi, pale Makuyuni. Mkewe Filomena alisema ni nyama ya stendi, lakini mwenyewe mpaka leo anasema ni ile kaseti.

Miaka ilipita, Manyara ikawa mkoa unaojitegemea, naye akahamia Katesh na kupanga chumba nyuma ya soko. Akakifanya studio. Akawaambia wateja tangu mwanzo kwamba humu ndani kitakachotoka ni kile kilichoimbwa na mtu, na asiyetaka aende kwa wale wa kutengeneza malaika wa kompyuta. Wengi walikwenda. Waliobaki walimheshimu.

Ukuta wa mbao nyembamba ulimtenga na Tekla, fundi cherehani. Zamani mama huyu aliitwa Mama Niko. Matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakapita Jorodom, yalimchukua Nikolausi, mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka saba. Tangu hapo watu, kwa huruma zao, walirudi kumwita Tekla, kana kwamba hajawahi kuzaa. Hakumkatalia mtu. Alichelewa tu kidogo kuitikia.

Miezi michache kabla ya mwaka kutimia tangu matope hayo, Baltazar alikuja studio. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya moja ya mjini, mtu wa suti hata siku ya mnada. Alitaka wimbo wa kumbukumbu, uzinduliwe kwa shangwe, mgeni rasmi awepo. Siku hiyo hiyo Onesphory alikuwa amepokea kibodi yake ya midi, kinanda cha kuchomeka kwenye kompyuta, iliyokuja na basi kutoka Arusha ndani ya boksi la sabuni, na alikuwa na furaha ya mtu aliyepata ng'ombe wa maziwa.

Baltazar akabonyeza kitufe kimoja. Tak. Akabonyeza vingine. Tak, tak, plastiki tupu.

"Mwalimu, wamekuuzia bovu."

"Siyo bovu, mwenyekiti. Haina sauti ndani. Sauti ziko kwenye kompyuta. Hii kazi yake ni kuiambia kompyuta ipige nini."

Akachomeka waya. Programu haikuiona. Akauchomoa, akauchomeka tundu la pili, wapi. Akaingia kwenye setingi, akaikuta kibodi imekaa kwenye orodha ya vifaa, imetulia, haijawekewa tiki. Akaiwekea. Sasa ikalia, lakini ikichelewa: unabonyeza, unakaribia kusahau, ndipo inaitika. Kinyaa kikampanda. Akarudi kwenye setingi, akapunguza muda wa kompyuta kusubiri, akajaribu, akapunguza tena, mpaka kidole na sauti vikakutana. Akapiga sauti nne za kwaya kwa mikono miwili, polepole, na uso ukamkunjuka. Ilikuwa saa nzuri katika maisha yake. Ingekuwa vema angeizima mashine hapo na kwenda kula.

"Sasa weka hii," Baltazar akasema, akamnyooshea simu.

Ilikuwa video ya ile siku ya matope. Mvua, muungurumo, watu wakipiga kelele, na juu ya yote sauti ya mwanamke: *Uwiiii! Niko! Niko wangu!*

"Imezunguka kwenye magrupu yote. Nataka hicho kilio kiwe kinaitikia kila baada ya kiitikio. Mgeni rasmi lazima alie."

Tusimpambe Onesphory. Aliijua sauti ile. Aliisikia kila siku kupitia ukuta ikijadiliana na wateja urefu wa sketi. Alijiambia kwamba akina Niko ni wengi, na kwamba video ni ya watu wote, na mambo mengine ambayo mtu hujiambia anapotaka kufanya kitu. Ukweli ni kwamba sikio lake lilikuwa limeshaona mali. Kile kilio kilikuwa noti moja ndefu, imenyooka, hakuna mwimbaji wake aliyewahi kumpa noti kama ile. Mvua aliipunguza. Muungurumo aliuondoa. Likabaki jina mwishoni, linaikatisha noti ghafla na kuiharibu. Akalikata.

Kikabaki kilio kisafi. Akamtumia Baltazar kwenye simu ili akawasikilizishe wenzake, kisha akakiweka kwenye kibodi. Na programu, bila kuulizwa, ikakisambaza kwenye vitufe vyote. Ukibonyeza juu, mwanamke analia kitoto. Ukibonyeza chini, anakoroma kama fahali.

Baltazar alicheka. Akajaribu juu, akajaribu chini, akapata raha ya kugundua kitu. Kisha vidole vyake vinene vikashika mdundo wa kuchezesha maharusi, akaupiga kwa kile kilio, *uwi-uwi, uwi-uwi*, mabega yakimcheza ndani ya suti.

Onesphory alihisi mate yamemjaa mdomoni. Hakutoka nje kutema. Angemtema nani, na kilio alikichonga yeye mwenyewe?

Upande wa pili cherehani ikanyamaza.

Tekla aliingia na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Shikamoo baba."

"Marahaba, dada," Baltazar akajibu, mkono ukiwa bado juu ya vitufe.

"Yule ni mimi," Tekla akasema. Alisema taratibu, kama mtu anayetambua shuka lake kwenye kamba ya jirani. "Hapo nilikuwa namwita mwanangu. Mbona jina lake halipo?"

"Tumeisafisha tu, dada. Kulikuwa na kelele nyingi."

"Niko ni kelele?"

Onesphory aliangalia kibodi yake mpya na kuiona chafu, ikamjia hamu ya kuifuta kwa kitambaa.

"Naifuta yote sasa hivi, Tekla. Nisamehe."

"Usifute. Kilio pigeni, mkitaka. Watu wameshakisikia. Ila jina litajwe. Miezi yote hii hapa mjini hakuna anayelitaja, mnapita nalo mbali kama ugonjwa. Siku hiyo mtakuwa na spika kubwa. Lisikike mara moja tu."

"Litasikika, Mama Niko," Onesphory akasema. "Nakuahidi."

Safari hii hakuchelewa kuitika. "Ee," akasema, akarudi kazini.

Onesphory alilirudisha jina siku hiyo hiyo. Baltazar aliposikiliza alitikisa kichwa: linavunja wimbo, linamtoa mtu kwenye hisia, halafu wafiwa wengine watasema mbona wa kwao hakutajwa. Walibishana mpaka wakapandishiana sauti. Mwishoni Baltazar alipapasa mfuko wa koti. Kilio kisafi kilikuwa humo kwenye simu, na Babati maprodyuza wamejaa. Akaaga kwa heshima zote.

Uzinduzi ulifanyika Katesh, mchana, chini ya maturubai. Palikuwa na zulia jekundu. Palikuwa na keki, na nani aliibuni sijui, ila ilikuwa ya umbo la mlima, na krimu ya kahawia imemwagwa upande mmoja kushuka mpaka kwenye sahani. Mgeni rasmi aliikata huku akipigwa picha, watu wakalishana vipande. Wafiwa walikalishwa viti vya mbele wakiwa na utepe mweusi kifuani, na kila mmoja alipewa soda. Onesphory alikaa nyuma na hakula kitu. Alikuja kwa jambo moja. Tangu asubuhi alikuwa akilizungusha neno moja mdomoni, neno fupi, ili akipata nafasi yoyote alitoe.

Wimbo ukapigwa. Kilio kikaja mara nne, mara ya mwisho wamekipandisha juu kidogo kiwe kitamu. Mgeni rasmi alijifuta macho. Tekla hakulia. Kila kilipoisha alisogeza kichwa mbele, akangoja, kisha akakirudisha.

Makofi yalipotulia, mshereheshaji akashika maiki. "Ndugu zangu, mnajua ile sauti aliisafisha nani? Yuko hapa! Mwalimu Onesphory, simama, tukuone! Mpeni maiki mwalimu!"

Vichwa vikageuka. Maiki ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia. Nafasi yenyewe ndiyo hiyo, na spika zilikuwa kubwa kweli kweli. Aliona kamera. Alimwona mgeni rasmi akimtabasamia, na Baltazar akipiga makofi mikono juu ya kichwa, na viongozi wa kwaya tano ambao wiki ijayo wangeweza kuwa wateja wake. Akafungua mdomo.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana."

Wakapiga makofi, na mtu akamnyang'anya maiki. Kule mbele, kwenye viti vya wafiwa, Tekla alikuwa ameshageuka mzima mzima kumwelekea, soda mkononi, akimsubiri amalize.