Ugomvi wa Mkaa

Mama yangu alimwombea jasusi mmoja kila siku mpaka magoti yakaota sugu. Hakumjua jina wala sura. Alijua tu kwamba wakati wa vita mtu huyo aliwapelekea habari wapiganaji waliojificha kwenye machimbo ya mawe, wakahama kabla wavamizi hawajafika, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Akishamaliza kumwombea, mama alitoka uani na kumpita dada yake mwenyewe kwenye beseni la nguo bila hata salamu.

Dada huyo, mama yangu mkubwa, alikuwa dobi. Tulikaa nyumba moja, vyumba viwili vyenye ukuta mmoja katikati, na kamba ya nguo ilikuwa ya wote. Kosa lake lilijulikana mtaa mzima: wakati wa vita alifua na kupiga pasi magwanda ya maofisa wa adui, pale pale uani, huku askari wao akiyalinda. "Mume wangu analala juu ya mawe, wewe unawanyooshea kola wanaomwinda," mama alimwambia, na hayo yakawa maneno ya mwisho kati yao. Baada ya hapo walizungumza kupitia kwangu. "Mwambie mama yako mkubwa kamba hii si ya kwake peke yake," mama alisema, na mama mkubwa amesimama hapo hapo, vibanio mdomoni. "Mwambie mama yako nimesikia." Nami niliwaambia, maana nilipenda kuonekana nina kazi.

Vita vilipokwisha, mama mkubwa alijaribu kueleza. Maofisa walipenda nguo zao zitiwe wanga, zikakamae, wapendeze mezani. Lakini anayekwenda porini hataki wanga, kwa sababu akitoka jasho kola inamchubua shingo. Kwa hiyo walipoleta magwanda wakasema safari hii usitie wanga, alijua wanatoka kuwinda watu. Habari hiyo alimpa muuza mkaa aliyemletea mkaa wa pasi.

Mbele ya askari? Ndiyo, tena kwa kelele. Mama mkubwa alipayuka kwamba mkaa una mawe, muuza mkaa akachuchumaa, akazamisha mkono kwenye gunia na kulia kwamba mawe kayatia mwenyewe, sikio lake likiwa karibu kabisa na mdomo wa mama mkubwa. Askari alisogea mbali. Bunduki anayo, ila nani anataka kuitwa shahidi katika ugomvi wa namna hiyo?

Mama aliposikia maelezo haya alicheka kicheko kibaya. "Mwambie mama yako mkubwa vita vikiisha kila mtu alikuwa jasusi."

Shahidi alikuwa mmoja tu, na kwa bahati mbaya alikuwa amepanda cheo. Muuza mkaa sasa aliitwa Jemedari, na hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kubeba gunia, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kusahau. Katika hotuba zake, habari zote zilitoka kwa ofisa mmoja wa adui aliyeguswa na haki yetu, mwanamume shupavu, ambaye kwa urahisi wa mambo alikuwa amekufa. Mama mkubwa alimfuata ofisini. "Mdogo wangu hanisemeshi," alimwambia. "Sitaki kingine. Njoo umwambie neno moja tu." Jemedari alimpa kiti, akamsikiliza kwa upole, akasema historia ikishapangwa haipanguliwi, kisha akaagiza apewe mapazia ya ofisi akafue. Mimi nilitamani ayachome moto. Yeye aliyafua. "Yalikuwa machafu," alisema.

Miaka ikaenda. Baba alifia kitandani kwake, na ndugu hawa wawili wakazeeka kila mmoja upande wake wa ukuta, wakikohoa kwa zamu. Siku moja nilimkuta mama mkubwa analia waziwazi juu ya pasi. "Nitakufa mdogo wangu hajaniamkia," aliniambia.

Ndipo wakubwa wakaamua kumjengea jasusi sanamu. Mchongaji, kwa kukosa picha, alimpa mabega mapana, masharubu, buti na darubini. Shuka kubwa la kuifunika lililetwa kwa mama mkubwa lifuliwe. Alilitia wanga wa kutosha. Hakuna aliyemwambia asitie.

Siku ya uzinduzi mama alikaa mstari wa wajane, nami pembeni yake. Mama mkubwa alikaa nyuma kabisa, akingoja shuka lake. Jemedari akavuta kamba. Shuka, kwa jinsi lilivyokakamaa, likanasa kwenye darubini. Akavuta tena, buti zikaonekana, basi. "Mwiteni dobi," mtu akasema.

Mama mkubwa alipanda jukwaani polepole. Jemedari, kipaza sauti mkononi, akamwambia, "Mama, fanya haraka, unatuharibia shughuli."

Nadhani ni neno hilo. Mama mkubwa alimgeukia, akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni: "Mkaa gani huu umeniletea? Mawe matupu!"

Na Jemedari, nishani kifua kizima, akachuchumaa. Mwili uliitangulia akili. Mkono ukazama kwenye gunia lisilokuwepo, shingo ikapinda, sikio likaenda lilikozoea. "Mawe umeyatia mwenyewe, mama!" akalia. Mama mkubwa akainama, akamnong'oneza, na kipaza sauti kikatunong'onezea sote: "Safari hii magwanda yote hayana wanga. Waambie wa machimboni wahame."

Kisha wazee wa mtaa wetu wakaanza kucheka, maana ugomvi ule waliukumbuka vizuri. Mama hakucheka. Alinibana mkono mpaka ukaniuma. Jemedari alisimama, akajipangusa magoti, akasema tuendelee na ratiba. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba shuka lilinasa kidogo. Sanamu bado ina masharubu.

Jioni ile mama mkubwa alikuwa uani akilifua shuka. Mama alitoka na kigoda, akakiweka upande wa pili wa beseni, akakaa. Nilisogea, tayari kupeleka maneno. Akaniashiria niondoke. Sikuondoka.

"Mkaa ule haukuwa na mawe," mama alisema.

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwa nakuibia. Vita vyote. Ulikuwa mkaa mzuri, unawaka mpaka mwisho. Nikawa najiuliza, huyu ana roho gani, anamtukana maskini wa watu kwa mkaa mzuri hivi?"

"Nilidhani ni yule askari," mama mkubwa alisema. "Nikamshtaki kwa mkubwa wake, wakampeleka mbali."

"Masikini. Ni mimi."

Mama mkubwa alitia vibanio mdomoni na kuinuka aanike shuka. Mama akashika ncha ya pili.

"Shikamoo, dada."

Ilibidi avitoe vibanio kimoja kimoja ndipo aweze kuitikia.