Goli ya Kupanda Division ya Pili Iko ku Jina Yangu

Admin, ficha jina yangu, hata kama kwa mutu kama miye kujificha mu Butembo ni kazi ngumu. Bila miye huu muji haungejua division ya pili inafanana namna gani. Uliza motard yeyote, mwendesha pikipiki, mwenye kupita miaka makumi ine, atakuleta mpaka ku boutique yangu ya pièces za pikipiki, yenye iliandikwa «Le Buteur», mufunga-magoli, ku mulango. Kule Lubero kuko mama moya alimupa mutoto wake jina yangu. Nikiingia misa nimechelewa, padri ananipa salamu na macho mbele ya kuendelea.

Niko na miaka makumi tano na mbili, bibi moya, batoto saba, na goti yenye ilikata career yangu. Nimechoka, bandugu. Njo maana naandika.

Batoto ba leo banasema Ligue 2, siye tulisema division ya pili. Kufika pale ilikuwa kazi: ushinde kwanza ku muji, kisha ku province, kisha ungojee kama banakubali. Match ya kupanda tulicheza na équipe moya ya Beni, kwetu hapa, moya kwa zero. Feuille de match, karatasi ya refa, inaandikwa wazi: namba tisa, jina yangu, goli. Ile goli nimeihadisia ku kilio, ku ndoa, ku kinyozi. Kila mwaka inaenda mbali. Mwanzo nilipiga karibu na poteau ya goli. Leo napiga toka katikati ya uwanja, na goalkeeper wa Beni analala hôpital siku mbili.

Mais ile goli haiko yangu.

Ni ya mutu wa Mangina, nimuite Muhindo. Alikuwa ametoka équipe ingine, makaratasi yake ya transfert haijafika, donc bakamukatalia licence ya kucheza. Miye licence nilikuwa nayo, mais ile siku sikuweza kucheza. Coach akatuangalia sisi wawili, akasema: «Munafanana kichwa. Muhindo, leo weye njo huyu.» Picha ya licence ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Refa akaiangalia, akamuangalia Muhindo, akaandika jina yangu.

Kama ingeishia pale, ningelala vizuri. Mais kisha kupanda, comité ikapanga liste ya bachezaji ba division ya pili. Mutu mwenye hayuko ku feuille yoyote, batamuweka namna gani? Nafasi bakanipa miye, buteur. Muhindo akasema: «Nenda tu, yaya, kaka yangu. Makaratasi ikifika nitakufuata.» Ilifika liste imekwisha kufungwa. Akarudia Mangina kulima kakao, na hakucheza tena mahali penye kuwa radio.

Na ile division ya pili, niseme ukweli, haikuwa paradizo. Siku ine mu camion kufika Kisangani, tunashuka na matope mpaka ku masikio, tunafungwa tano. Équipe zingine zilikosa transport, zikapoteza match bila kugusa mupira. Kila mara banabadirisha mpango: mara zone, mara groupe, mara championnat inasimama katikati na hakuna mutu wa kueleza. Miye nilikaa ku banc ya kungojea. Season muzima nilicheza dakika kumi na moya, kisha tukashuka.

Sasa équipe imepanda tena. Comité inataka Siku ya Mungu, Jumapili yenye inakuja, miye njo nipige mupira ya kwanza, kisha nikamate micro. Mutoto wa dada yangu anafanya kazi ku radio, ananisumbua: «Tonton, utanipa ile goli yote, toka mwanzo.»

Na Muhindo iko hapa Butembo. Bauaji baliingia kule kwake, nyumba ikaungua, akakimbia na familia. Banaishi mu chumba moya nyuma ya chapelle. Siku ya tatu ya juma hii akakuja boutique. Nikafikiri: leo siku imefika, anakuja kudai goli yake. Akakaa ku carton ya chambre à air, mipira ya ndani ya tairi, akapumzika.

«Yaya, nasikia ni weye utafungua match.»

«Banasema.»

«Unipatie nafasi mbili pale mbele. Miye na binti yangu.»

«Anapenda mupira?»

«Anapenda sana. Siku moya nilimuambia ile goli nilipiga miye. Akacheka: Papa, ile ni ya Papa Le Buteur, batu bote banajua. Nikacheka naye. Picha zangu ziliungua zote, nitamuonyesha nini?»

Akasimama, akanipiga ku bega.

«Mais yaya, ile ya katikati ya uwanja, punguza kidogo. Goalkeeper alikuwa amekwisha kuanguka. Nilisukuma tu na goti.»

Akaenda. Hakuomba kitu kingine.

Nilimugusia président wa comité hii jambo. Akaniambia: «Vieux, ukifungua ile sanduku, Beni batasema tulipanda na uongo. Kaa na goli yako.» Nikifikiri batoto bangu, na ile jina ku mulango, naona iko na haki. Mais nikinyamaza, ule binti atakaa pale mbele kunipigia miye mikono, na baba yake iko pembeni yake anapiga pia. Ile njo sitaweza kuangalia.

Weye mwenye unasoma, kama ungekuwa miye, Siku ya Mungu ungesema nini ku micro? Munishauri mbele siku haijafika. Musinitukane sana, bibi yangu anasoma hii page.

Na mukiniambia niseme, munisaidie na jambo moya. Batu batauliza juu ya nini sikucheza ile siku. Miaka yote, bale bachache benye banajua siri nabajibu: goti. Hapana goti. Ilikuwa funza. Vidole vitatu, kiatu ilikataa kuingia. Wakati radio ilikuwa inaita jina yangu na muji muzima unalia furaha, nilikuwa nyuma ya nyumba yetu, muguu mu bassin ya maji ya chumvi, mama ananitoboa na pini. Akasikiliza radio, akaniangalia, akasema: «Tulia, buteur. Iko moya imebaki.»