Mlango Usio wa Adui

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikiwa juu ya msala. Umeniambia kesho mnafunga barabara ya Zhanqian, hapa katika mji huu wa Wachina, kwa ajili ya mwenzenu aliyepigwa na walinzi. Sikuzuii. Kaa kwanza, unywe chai.

Nilikuwa kijana, nimetoka Unguja kuja huku kununua nguo, na mdomo wangu haukuwa na breki. Mdogo wangu Rajabu aligombana na walinzi wa jengo moja hapo hapo Zhanqian, wakampiga mpaka akatapika damu. Sisi tukaletewa habari kwamba wamemuua. Tukajaa barabarani, Watanzania, Wakenya, Wakongo, tukidai mwili. Mtu akasema kamwona akivutwa ndani ya duka la Bosi Lin, mama wa Kichina aliyetuuzia suruali za jinzi. Tulipomwuliza, akatikisa kichwa.

"Meiyou! Meiyou! Hakuna mtu!"

Akafunga mlango wa kioo. Basi, muuaji tukamwona ni yeye.

Mzee Bakari wa Lamu, mkubwa wetu sote pale, akasimama mbele ya mlango ule.

"Mwajua mmesimama wapi, nyie watoto?" akatukemea. "Zaidi ya miaka elfu nyuma, wakulima wenye njaa waliuingia mji huu huu, wakiongozwa na mchuuzi wa chumvi. Na haki walikuwa nayo, kodi ilishawala hadi mifupa. Lakini waliowachinja hapa ni wageni wenye maduka, waliovuka bahari kama nyie. Kisha wakaenda mji mkuu. Mfalme akakimbia, maskini wakajipanga njiani kuwashangilia. Laiti wangegawa nafaka, wakafuta kodi, wakaweka mahakimu wao, pengine mji ule ungebaki wa wanyonge. Wakapora! Wakaua hata waliowashangilia. Mji ukawa magofu, ufalme ukahamia kwingine, mkulima akabaki na njaa yake. Nyie mwataka nini? Semeni!"

Hatukujua tunataka nini. Mimi nilipiga kelele, "Mzee, toka hapo!" Aliyerusha jiwe simjui mpaka leo.

Kipande cha kioo kilimpiga Bosi Lin jicho la kushoto. Nyuma yake, katikati ya marobota, akatokea Rajabu, kichwa kimefungwa kitambaa, analia.

"Alinificha huyu! Wale walinzi wangenimaliza!"

Jicho lile halikupona. Walinzi hawakuguswa hata unywele, na sisi tukafukuzwa sokoni. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sisi mkunga wetu tulimpofua. Bado naona aibu, mwanangu, na bado nina hasira na walinzi wale. Moja halijaliondoa jingine.

Kwa hiyo nenda kesho. Mnyonge asiposema, nani atamsemea? Lakini kabla hamjatoka, kubalianeni mnataka nini, mnakidai kwa nani, na mkishakipata mtafanya nini. Akitokea wa kuokota jiwe, mshikeni mkono nyie wenyewe, msingoje mzee. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na wavuvi mji huu hawakosekani.

Mola akupe kauli yenye kusikika. Akukinge na adui zako, na zaidi akukinge na kundi lako mwenyewe, akurudishe kwa mama yako ukiwa na mikono safi. Amin.